Padri Lourdel (Mapera): Umoja wa Wakristo Bila Kuuza Imani



Vijana wenzangu, kuna swali ambalo huku Mirongo huwezi kulikwepa. Nyumba moja ya kupanga unamkuta Mkatoliki chumba cha mbele, wa AIC chumba cha pili, Mwanglikana anafuata, na kule nyuma Mpentekoste anayekesha kila Ijumaa. Tunachota maji bomba moja, tunazikana, tunachangiana harusi. Sasa basi, kuna siku mmoja atakuambia kwamba Yesu ni mmoja, hayo ya Ekaristi na Papa na Bikira Maria ni mambo ya wazee, tuyaache tuabudu pamoja yaishe. Na kuna mwingine, mara nyingi ni Mkatoliki mwenzetu kabisa, atakuambia ukae nao mbali, hata kwenye msiba wao usiitikie sala. Kila mmoja anaongea kwa uhakika utafikiri hakuna aliyewahi kulipitia jambo hili kabla yetu.

Wapo waliolipitia, tena kwenye ziwa letu hili hili. Leo nawaletea maisha ya mmoja wao, Padri Siméon Lourdel, ambaye Waganda walimwita Mapera. (Usicheke. Sisi mapera tunayajua sokoni, lakini kwa Waganda lilitokana na neno la Kifaransa la kumwita padri, mon père. Wakalisikia hivyo, likabaki hivyo mpaka leo.)

Alizaliwa tarehe 20 Desemba 1853 katika kijiji cha Dury, karibu na mji wa Arras, kaskazini mwa Ufaransa. Familia ya wakulima. Akajiunga na Wamisionari wa Afrika, wale tunaowaita Mapadri Weupe kwa sababu ya kanzu zao, shirika lililoanzishwa na Askofu Mkuu Lavigerie kule Algiers. Akapadrishwa mwaka 1877. Mwaka uliofuata akawekwa kwenye msafara wa kwanza wa shirika hilo kuja Afrika ya Mashariki. Walishuka Bagamoyo, wakatembea kwa miguu. Padri Pascal aliyekuwa mkuu wa kundi lao alifariki njiani kwa homa. Wengine wakafika ziwani mwishoni mwa Desemba 1878, mahali panapoitwa Kageye, ambapo leo ni wilaya ya Magu. Ndiyo, ni hapo karibu tu na sisi.

Kutoka Kageye, mkuu wao mpya Padri Livinhac akamtuma Lourdel pamoja na Bruda Amans watangulie Buganda kumwomba Kabaka Mutesa ruhusa. Januari 1879 wakapanda mtumbwi. Walikaa majini karibu mwezi mzima, wakafuata ufuko wa magharibi, na tarehe 17 Februari wakafika Kigungu, karibu na Entebbe ya leo. Lourdel alikuwa na miaka 25. Wengi mnaosoma hapa mna umri huo au mnaukaribia.

Sasa shida ikaanza, maana hawakuwa wa kwanza. Waanglikana wa shirika la CMS walikuwa wameshafika Buganda tangu 1877, na walikuwa wameshalipa kwa damu: Desemba ya mwaka ule ule wenzao wawili waliuawa Ukerewe. Aliyekuwepo ikulu Lourdel alipofika alikuwa Mskoti mmoja, Alexander Mackay, fundi mitambo, si mchungaji, mwenye miaka 29. Mtu wa kazi kwelikweli. Alichonga, alifua chuma, alichapa vitabu kwa mashine ndogo. Mackay alipoona Wafaransa wamekuja kukaa pale pale alipokwishaanza kufundisha, aliona amevamiwa. Tuseme ukweli, ungekuwa wewe ungeona nini?

Juni 1879 yakatokea yaliyokuwa lazima yatokee. Ilikuwa Jumapili. Mackay alikuwa akiongoza sala mbele ya Mutesa na wakuu wake, na Wafaransa nao walikuwepo barazani. Ulipofika wakati wa kupiga magoti, watu wakapiga magoti. Lourdel na wenzake wakabaki wamekaa. Kabaka akataka kujua kwa nini. Lourdel akasimama na kueleza, kwa mchanganyiko wa Kiarabu, Kiswahili, Kiganda na Kifaransa, na kwa mujibu wa Mackay alikuwa amepandwa na jazba, kwamba wao hawawezi kushiriki ibada ile kwa sababu si ya Kanisa lao, na kwamba Kanisa la kweli ni moja, lile lililotoka kwa Mitume. Mackay akajibu mapigo, kuhusu Papa na kuhusu Mama Maria. Mzozo ukawa mkubwa. Mutesa akabaki anashangaa: kumbe kila taifa la wazungu lina dini yake, na kila mmoja anasema ya mwenzake ni uongo. Yeye ashike ipi?

Hapo ningependa tutulie kidogo.

Mimi naona Lourdel alikuwa sahihi kutopiga magoti, na alikosea namna. Najua wapo watakaosema angepiga magoti tu kwa heshima, ingempunguzia nini? Lakini ibada ni tangazo. Mwili unasema kitu hata mdomo ukinyamaza, na ukisema Amina umekubali kilichotangulia. Ndiyo sababu hata leo sisi Wakatoliki hatushiriki meza ya Bwana kwenye madhehebu mengine ya hapa kwetu. Si kwamba tunawadharau. Kule kupokea kungesema kwamba tayari tuko kitu kimoja katika imani ile, na bado hatujawa. Mackay naye, tukumbuke, asingepiga magoti mbele ya Ekaristi, na angekuwa mkweli kwa kutopiga. Wote wawili waliamini kwamba ukweli upo na una gharama.

Lakini jazba ile mbele ya watu ambao bado hawajamjua Kristo! Watu walikuja kusikia habari za Yesu, wakasikia Waingereza na Wafaransa. Jeraha lile halikupona haraka, tutaliona huko mbele.

Kwamba Lourdel hakuwa mtu wa kubagua katika msimamo wake, ushahidi upo kwa Mutesa mwenyewe. Kabaka aliomba ubatizo kwa Wakatoliki. Fikiria faida yake: mfalme akibatizwa, ikulu yote inafuata, na ule ushindani na Mackay umekwisha siku hiyo hiyo. Mapadri wakakataa, kwa sababu mfalme hakuwa tayari kuacha wake zake wengi. Basi, Mutesa akafa Oktoba 1884 bila ubatizo. Kama Lourdel angekuwa anatafuta tu kushinda Waanglikana, ile ndiyo ilikuwa nafasi.

Mwishoni mwa 1882 mapadri waliondoka Buganda kwa kuona hatari, wakavuka kuja upande wetu wa kusini, na mwanzoni mwa 1883 wakaanza misheni ya Bukumbi. Ukitoka mjini kwa njia ya Usagara kuelekea Kigongo utaiulizia, kila mtu anaijua. Ni misheni mama ya Jimbo letu. Mwaka 1885 Mwanga, mtoto wa Mutesa, alipokuwa ameshika kiti, aliwaita warudi. Wakarudi Julai. Wakakuta wale wachache waliowabatiza wamewafundisha wengine, idadi imeongezeka bila padri hata mmoja kuwepo. (Makatekista wetu wa vigangoni wakisoma hapa watatabasamu.)

Ila walikuta pia makaburi. Tarehe 31 Januari 1885 vijana watatu Waanglikana, Makko Kakumba, Yusufu Lugalama na Nuwa Serwanga, walikuwa wameuawa na kuchomwa moto. Wanafunzi wa Mackay. Lugalama alikuwa bado mtoto.

Oktoba mwaka huo habari zikafika kwamba askofu Mwanglikana, James Hannington, anakuja kupitia Busoga, njia ya mashariki, ambayo Waganda waliihofia kwamba ndiyo mlango wa maadui. Ikulu ikaamua auawe. Mackay na mwenzake Ashe, wamehangaika, hawapokelewi na mfalme, wakafanya jambo ambalo mwaka 1879 lingekuwa ndoto: walikwenda kwa Lourdel kumwomba msaada. Na Lourdel akaenda kwa Mwanga kumtetea askofu wa Kianglikana. Mwanga akatoa maneno matamu kwamba atamrudisha tu alikotoka. Hannington akauawa tarehe 29 Oktoba 1885.

Ikulu kulikuwa na kijana mmoja, Yosefu Mukasa Balikuddembe, mkuu wa vijana watumishi, Mkatoliki, aliyebatizwa 1882. Alimkemea Kabaka kwa kumuua yule askofu, akimkumbusha kwamba baba yake hakuwahi kufanya hivyo. Lilikuwa kosa kubwa. Likaongezwa na jingine: Mwanga aliumwa macho, Lourdel akampa dawa, hali ikaharibika, ikavumishwa kwamba amelishwa sumu na kwamba Mukasa anahusika. Tarehe 15 Novemba 1885 Mukasa akauawa, akawa shahidi wa kwanza Mkatoliki wa Buganda.

Rudia kuisoma hiyo aya taratibu. Shahidi wetu wa kwanza, yule tunayemwomba atuombee, aliingia matatani kwa kumtetea askofu ambaye hakuwa wa Kanisa lake. Hakuuliza kwanza kama Hannington anaamini toharani. Na hakuna anayeweza kumwambia Mukasa kwamba alilegeza imani, kwa sababu aliifia.

Usiku ule Lourdel na wenzake hawakulala. Lavigerie alikuwa ameweka sheria kali kwamba mkatekumeni asubiri miaka minne kabla ya ubatizo. Wakaiweka pembeni. Ndani ya wiki moja wakabatiza zaidi ya vijana mia moja, akiwemo Karoli Lwanga aliyechukua nafasi ya Mukasa ikulu. Jambo hili ndugu zangu tulishike vizuri maana ndipo wengi tunachanganya. Miaka minne ilikuwa utaratibu. Nzuri, yenye hekima, lakini utaratibu. Lourdel aliujua huo na aliijua imani, na hakuchanganya hivyo viwili. Kwa Mutesa hakulegeza hata kwa ajili ya kiti cha enzi, kwa sababu ndoa haikuwa mali yake ya kugawa. Kwa vijana hawa alilegeza, kwa sababu kesho wanaweza kufa. Ukitaka kujua kama kitu fulani cha Kanisa kinaweza kubadilika kwa ajili ya umoja, swali la kwanza ni hilo: ni mali ya Kristo au ni utaratibu wetu? Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya umoja wa Wakristo ya tarehe 21 Novemba 1964, umesema kitu kama hicho: unataka tufanye toba kwa makosa yetu dhidi ya umoja, unakiri kwamba waliobatizwa kweli ni ndugu zetu katika Bwana, na papo hapo unaonya dhidi ya amani ya uongo inayopatikana kwa kuficha mafundisho.

Mei 1886 kimbunga chenyewe kikaja. Lourdel alikwenda Munyonyo kwa mfalme, akanyimwa kumwona, akasimama pale akiwatazama vijana wake wakipitishwa mbele yake wamefungwa kamba, Lwanga, na Kizito aliyekuwa mdogo wao. Hakuweza kufanya kitu. Tarehe 3 Juni, sikukuu ya Kupaa kwa Bwana mwaka ule, wakachomwa Namugongo, Wakatoliki na Waanglikana kwenye moto mmoja. Lwanga alikuwa amechomwa peke yake mapema. Katika mateso yale ya 1885 hadi 1887 tunawajua kwa majina Wakatoliki 22 na Waanglikana 23. Mnyongaji hakuwatenganisha kwa madhehebu.

Najua kuna anayesema, basi si unaona, moto ulifuta tofauti. Hapana. Wakatoliki walikufa wakiwa Wakatoliki na Waanglikana wakiwa Waanglikana, kila mmoja akishika alichofundishwa. Kama dini ingekuwa majina tu, Mwanga alikuwa tayari kabisa kuwaachia waende nyumbani.

Kisha ikaja 1888, na hapa habari inarudi ziwani kwetu. Mackay alikuwa ameshafukuzwa mwaka uliotangulia, yuko Usambiro, kusini mwa ziwa. Septemba Mwanga akapinduliwa. Oktoba chama cha Waislamu kikashika ikulu na Wakristo wote wakageuziwa kibao. Wamisionari wakakamatwa pamoja: Askofu Livinhac, Lourdel na wenzao upande mmoja, Gordon na Walker wa CMS upande mwingine. Wakafungwa kibanda kimoja, kichafu, siku kadhaa, mali zao zikiporwa. Mwishowe wakapakiwa wote kwenye mashua ya Waanglikana iliyoitwa Eleanor na kuambiwa waende zao.

Picha hiyo hebu ione. Watu ambao miaka tisa nyuma hawakuweza kukaa sala moja bila kugombana, sasa wamebanana mashua moja na vijana wao, hawana kitu. Kiboko akaipiga mashua, ikatobolewa, baadhi ya vijana wakazama. Waliobaki wakafika kisiwa kidogo, mashua ikazibwa, safari ikaendelea mpaka Bukumbi. Pale mapadri wakawapokea Gordon na Walker kama wageni wao, wakawalisha, kisha wale wawili wakaendelea hadi kwa Mackay.

Hakuna aliyebadili dhehebu ndani ya ile mashua. Hakuna tamko lililoandikwa.

Na wiki chache baadaye nani akaja kubisha hodi Bukumbi? Mwanga. Alikuwa amekimbilia Magu, akateswa pale na wafanyabiashara wa Kiarabu waliomhifadhi, akawatoroka akaja kwa mapadri. Yule yule aliyemuua Mukasa na kuwachoma vijana wa Namugongo. Wakampa mahali pa kulala. Mimi kila nikifika hapa nashindwa kuendelea haraka, kwa sababu kumpokea Mwanglikana ni jambo moja, kumpokea Mwanga ni jingine kabisa.

Mwaka 1889 Wakristo wa pande zote mbili, waliokuwa wamekimbilia Ankole, waliungana kumrudisha Mwanga kwenye kiti, na wakakubaliana kugawana vyeo nusu kwa nusu, Wakatoliki na Waprotestanti. Lourdel alirudi Buganda akawa mshauri wa mfalme. Kipindi hiki sikipendi sana, niseme wazi. Makampuni na mawakala wa Ulaya walikuwa wanaigombea Buganda, Mjerumani Carl Peters alifika mapema 1890 na mkataba wake, Lourdel akausaidia, Waanglikana wakaona njama. Umoja wa kugawana vyeo ukawa unanuka siasa. Pande zikaanza kuitwa kwa majina ambayo hayana Injili ndani yake: Bafaransa na Bangereza.

Mackay alikufa kwa homa Usambiro, Februari 1890, akiwa na miaka 40. Lourdel alikufa kwa homa Rubaga tarehe 12 Mei mwaka huo huo, akiwa na miaka 36. Wapinzani wale wawili walipishana kwa miezi mitatu tu.

Chini ya miaka miwili baadaye, tarehe 24 Januari 1892, Bafaransa na Bangereza walipigana kwa bunduki kule Mengo, Mkristo kwa Mkristo, na Kapteni Lugard akawasaidia Waprotestanti. Wengi waliopigana walikuwa wamewajua mashahidi wa Namugongo kwa sura. Siku hiyo sasa inaangukia ndani ya Wiki ya Kuombea Umoja wa Wakristo, ya tarehe 18 hadi 25 Januari, na sidhani wengi wetu tukisali wiki ile tunajua tunasali juu ya kumbukumbu gani ya huku kwetu.

Papa Paulo VI alipowatangaza wale 22 kuwa watakatifu, tarehe 18 Oktoba 1964, aliwataja kwa heshima na Waanglikana waliokufa pamoja nao, na mwaka 1969 alipokuja Uganda alifika pia kwenye eneo lao kule Namugongo. Hapa kwetu, mwaka 1992, miaka mia kamili baada ya Mengo, maaskofu Katoliki na Jumuiya ya Kikristo Tanzania waliunda tume moja ya huduma za jamii, ndiyo hiyo CSSC ya shule na hospitali. Kwenye hospitali wanafanya kazi pamoja. Misa na ibada kila mtu kwake. Wapo wanaoona ni kidogo mno. Mimi naona ni mashua ya Eleanor iliyozibwa.

Na Mwanga? Waingereza walimkamata mwaka 1899 na kumpeleka uhamishoni Ushelisheli. Huko ndiko alikobatizwa hatimaye, yeye aliyelala Bukumbi chini ya paa la mapadri. Alibatizwa kwa Waanglikana, akachukua jina la Danieli. Akafa huko huko mwaka 1903.